Mjadala: Je, kwa Wayahudi kila jani hudondoka kwa amri ya Mungu?

Kalamu ya Bara (mleta mada)
Wanajamvi, tulijadili hili kwa hoja. Wayahudi wana neno hashgaha: uangalizi wa Mungu juu ya viumbe baada ya kuviumba. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, anafundisha kwamba hapa duniani uangalizi wa mmoja mmoja ni wa binadamu peke yake. Jani likidondoka, buibui akinasa nzi, samaki akimeza mnyoo, hakuna amri mahsusi iliyoshuka. Kinachohifadhiwa ni aina ya kiumbe kwa ujumla, si kiumbe mmoja mmoja. Baal Shem Tov, rabi aliyefariki 1760, na Wahasidi, yaani kundi la Wayahudi waliomfuata, wakasema kinyume: hata jani likigeuzwa na upepo, limegeuzwa kwa kusudi. Ipi ndiyo imani ya Kiyahudi? Mimi niko na Maimonides. Ukiingiza kila jani, umeingiza na kila panga lililomkata asiye na hatia.

Mchana Kweupe
Maimonides ni Aristotle aliyevaa kilemba. Na Wayahudi wa leo wamebaki na Mungu aliyeumba akapumzika moja kwa moja. Sala ni desturi tu. Ushahidi: mvua wanaiomba kuanzia 5 Desemba ya kalenda ya Kizungu, iwe imenyesha au haijanyesha. Anayeamini kwamba anasikilizwa hangojei tarehe.

Bint Saidi
Aristotle aliyevaa kilemba? Umesoma wapi? Katika kitabu chake, Mwongozo wa Waliotatizika, sehemu ya 3, mlango wa 17, anataja rai tano: ya Epicurus, ya Aristotle, ya Maashaari na ya Muutazila (makundi mawili ya wanateolojia wa Kiislamu), na rai ya Torati. Ya Aristotle anaikataa waziwazi. Mfano wake ni merikebu: kwa Aristotle, watu wema kuzama baharini na jani kudondoka ni mamoja, yote bahati. Maimonides anasema kuzama kwa chombo kunaweza kuwa bahati, lakini wale watu kuwemo ndani yake ni hukumu ya Mungu. Hapo wametengana kabisa.

Tena waliosema hata jani huanguka kwa kadari, anaowajibu yeye, ni Maashaari. Wasomaji wa pwani wanawajua vizuri. Suratul An'am 59 inasema halidondoki jani ila analijua. Kulijua na kuliamuru ni mambo mawili, na mleta mada ameyachanganya.

Kalamu ya Bara
Sijachanganya, dada. Nimeuliza kuhusu amri. Hata Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi, katika Hulini 7b, inasema mtu hajikwai kidole hapa chini bila kutangazwa juu. Kidole cha mtu, si jani.

Fundi Kalenda
Niacheni nimalizane na hiyo 5 Desemba, maana imenikera.

Mchana, tarehe umeikosea, na sababu yake pia. Nje ya Nchi ya Israeli ombi la mvua huingia kwenye baraka ya 9 ya Amida (sala kuu ya Kiyahudi inayosaliwa kwa kusimama), ile ya mazao ya mwaka, kuanzia sala ya jioni ya 4 Desemba. Desemba inayotangulia mwaka wenye 29 Februari, huingia jioni ya 5. Kizungu hakihusiki. Kanuni ni siku ya 60 tangu mchana na usiku kulingana, waliyoifuata Wayahudi wa Babeli, kwa hesabu ya Samueli, rabi wa Babeli, ya mwaka wa siku 365 na robo. Mwaka wa jua ni mfupi kidogo kuliko huo, basi kwa karne nyingi hesabu imesogea: leo inaanzia 7 Oktoba, hali mlingano wenyewe ni 22 au 23 Septemba. Pigeni hesabu: Oktoba siku 25, Novemba 30, Desemba 5. Sitini. Siku ya Kiyahudi huanza machweo, ndiyo maana ni jioni ya 4. Mwaka 2100 hautakuwa na 29 Februari, basi baada yake itasogea tena siku moja.

Sasa kwa nini wangoje? Katika Nchi ya Israeli ombi huanza tarehe 7 ya mwezi wa Heshvani, siku 15 baada ya Sikukuu ya Vibanda, ili hujaji wa mwisho anayerudi Babeli afike mto Frati kabla njia hazijaloa. Ni Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, Taaniti 1:3. Angedhani hasikilizwi, angeahirisha ombi la nini? Tarehe hiyo ndiyo imani yenyewe.

Mchana Kweupe
Tarehe nakubali. Ila usinifundishe kuhesabu, nijibu la Nairobi. Pale kuna sinagogi tangu enzi za ukoloni. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Ombi linaanza vuli ikiaga, linakoma Pasaka, masika ikiwa ndiyo kwanza imechanganya. Mkulima wa Limuru anaombewa kwa majira ya Babeli?

Msomaji wa Mishna
Swali hilo lina karne saba. Rabi Asher ben Yehiel alipofika Toledo alitaka Hispania iombe mvua kwa mahitaji ya Hispania. Alitoa hoja zake, hawakumfuata, akaacha. Shulhani Aruki, kitabu cha sheria za Kiyahudi, katika Orah Haim 117, ikakata: nchi inayohitaji mvua wakati wa jua, hata ikiwa kubwa kama Hispania au Ujerumani, ni kama mtu mmoja mmoja, ombi liingie kwenye baraka ya 16, "Sikia sauti yetu", si ya 9. Kwa hiyo wa Nairobi, na Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, waliofuata njia ya Semei Kakungulu tangu 1919, wana mlango wa kuombea mvua yao Aprili.

Aliyesahau ombi la mvua wakati wake: akikumbuka kabla ya baraka ya 16, aseme humo. Ameipita, hajarudi hatua tatu nyuma za kumaliza Amida? Arudi ya 9. Amesharudi? Aanze Amida upya.

Fundi Kalenda
Na mvua ikikataa kabisa, Taaniti 1 inapanga saumu. Tarehe 17 Heshvani wanaanza wachache, Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu. Mwezi wa Kislevi ukiandama, umma wote siku 3, kisha 3 nyingine kali zaidi, kisha 7 za kupiga pembe na kufunga maduka. Sanduku la Torati linatolewa uwanjani, linapakwa majivu, na mzee anawaambia kuwa ya watu wa Ninawi haikuandikwa Mungu aliona magunia yao, iliandikwa aliona matendo yao. Huyo Mungu amepumzika?

Kalamu ya Bara
Jamani, jani!

Bint Saidi
Jani limo humohumo. Mishna ya Berakoti 9:3: mke ana mimba, mume akiomba azae mwanamume, hiyo ni sala ya bure. Unaingia mjini unasikia kilio, ukiomba kisitoke nyumbani kwako, ya bure. Maji yameshamwagika. Talmudi, Baba Metzia 42a, inaeleza la ghalani: kabla ya kupima nafaka omba baraka, ukianza kupima mshukuru aliyeileta kwenye lundo, ukishapima pishi zako, kuomba ziongezeke ni bure, kwa kuwa baraka haiko kwenye kilichopimwa wala kilichohesabiwa, iko kwenye kilichofichika machoni. Jani lililokwisha anguka haliombewi, liwe liliamriwa au la.

Mchana Kweupe
Na mtabiri wa hali ya hewa akishatangaza ukame wa miezi mitatu, hiyo imepimwa au haijapimwa?

Msomaji wa Mishna
Haijapimwa. Utabiri si pishi.