Mjadala: Je, kampuni za teknolojia zilazimishwe kuajiri wanaoanza?

Wadau, msimamo wangu ni huu: serikali ikitoa zabuni ya mfumo wa kompyuta, iweke sharti kwamba mshindi aajiri vijana wanaoanza kazi, kwa mshahara, si kwa mafunzo ya vitendo ya bure.

Tangazo la nafasi ya kuanzia siku hizi linadai uzoefu wa miaka mitatu. Kijana aupate wapi?

Wengi wanailaumu akili mnemba. Mimi naona mlango ulianza kufungwa kabla. Andela, kampuni ya kuandaa waandishi wa programu za kompyuta, ilijijengea jina kwa kuchukua vijana Lagos, Nairobi na Kampala, ikawafundisha na kuwaunganisha na kampuni za Marekani. Januari 2019 ikapata dola milioni 100 za wawekezaji. Septemba mwaka huohuo ikaachisha kazi wanaoanza 250 Nigeria na Uganda, na Kenya nako wengine wakaguswa, kwa maelezo kwamba soko linataka wazoefu. ChatGPT ilikuja Novemba 2022!

Ila akili mnemba imeongeza tatizo: imechukua zile kazi ndogo tulizojifunzia. Nani kati yetu hajakesha akitafuta kwa nini muamala mmoja wa M-Pesa umeandikwa mara mbili? Unapekua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, mstari kwa mstari, mwisho unagundua taarifa ya malipo ilitumwa upya kwa sababu seva yenu ilichelewa kujibu, na programu yenu haikuangalia kama namba ile ya muamala ipo tayari. Ukishalikuta hilo, halikutoki kichwani. Leo kijana anabandika logi, anapewa jibu, anaendelea na mengine bila kujua kilichotokea.

Wenye kampuni wana hoja nzito: unamfundisha mtu mwaka mzima, kisha anachukuliwa na kampuni ya nje inayolipa kwa dola. Inauma, na ninawaelewa. Ndiyo maana nataka sharti liwabane wote, asiwepo anayebeba gharama ya kufundisha peke yake huku wenzake wakisubiri kuvuna. Na malipo ya zabuni yahesabu mishahara ya hao vijana tangu mwanzo.

Mnaoendesha kampuni, semeni: kwenye timu ya watu kumi, mnaweza kubeba wanaoanza wangapi bila kazi kuharibika? Mimi nasema wawili. Anayeona ni wengi mno atoe hesabu yake.