Pakeji ya Aktiki "kila kitu ndani" alafu kila kitu kiko nje. Huu si wizi?

Wasee niko na hasira na nitaandika ndefu, mwenye hana wakati apite tu. Kuna ofisi ya mambo ya safari hapa tao, jina siweki ndio uzi usifutwe, lakini kama umeona lile bango la dubu mweupe limeandikwa "Nairobi hadi ncha ya dunia, 389,000 pekee, kila kitu ndani" basi unajua ni kina nani. Chama yetu imeweka depositi hapo. Na sio chama ya mabwanyenye, kuna walimu, kuna jamaa wa vipuri Kirinyaga Road, kuna mama wa saluni, mimi ndio mweka hazina. Tumechanga kila mwezi tukasema kila mtu anaenda Dubai, sisi twende mahali hakuna mtu wa mtaa wetu amewahi kanyaga. Svalbard. Ni visiwa vya Norway huko juu kabisa, mji wake unaitwa Longyearbyen, digrii 78 kaskazini, watu kama 2,500 hivi ndio wanaishi hapo.

Bei haikutushtua, wacha niseme hiyo mapema kabla mtu hajaniambia "kama huna pesa tulia kwenu". Tulijua ni ghali. Kitu imenichoma ni venye walipiga hesabu ya kutufikisha na hawakupiga hesabu ya kukaa huko. Kila kitu wameweka nje ya hiyo 389 ndio safari yenyewe.

Wacha nianze na visa maana hapo ndio nilianza kuwashuku. Yule dada wa ofisi alituambia mbele ya watu wote, "Svalbard haihitaji visa bosi wangu, ndio uzuri wake." Sawa, ni ukweli, Svalbard yenyewe haidai visa. Lakini utaifikia aje? Ndege ya abiria inaingia Longyearbyen ikitoka Norway, yaani Oslo ama Tromsø, na Norway iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na pasipoti ya Kenya haiingii Schengen hivi hivi. So unahitaji visa ya Schengen. Na sio ya kuingia mara moja! Svalbard iko nje ya Schengen, kwa hivyo ukipanda ndege Oslo kwenda huko umeshatoka Schengen, ukirudi unaingia mara ya pili. Mwenye ana visa ya mara moja atarudi aje? Niliuliza hiyo swali kwa wotsap, nikajibiwa na kikatuni cha kidole gumba. Baada ya siku kadhaa ndio naona kwenye fomu walitujazia, wamechagua mara moja. Watu wanajiita wataalamu hao. Ada ya visa ni yuro 90 tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi, na juu yake kuna ada ya kituo na bima ya kuanzia yuro 30,000. Zote hizo, ooh, "hazimo kwenye pakeji".

Haya, sasa njooni kwa ratiba. Siku ya pili: "siku huru ya kujivinjari". Siku ya tatu: "siku huru ya kujivinjari". Siku ya nne, mnadhani nini? Mimi nikaingia kusoma, nikashindwa kujua kama hawa watu waliwahi hata kufungua ramani. Longyearbyen hautoki nje ya mji ukitembea tu na mikono mitupu. Kuna dubu. Mwisho wa mji kuna alama ya barabarani ya dubu, imeandikwa hapo kwamba hiyo onyo ni ya Svalbard yote. Ukipita hapo lazima uwe na vifaa vya kumfukuza dubu, na kawaida watu hubeba bunduki, na mgeni kukodisha bunduki ni mpaka apate kibali kwa gavana wa huko. Ndio maana watalii karibu wote hulipia safari zenye kiongozi aliye na silaha. Na barabara kati ya mji na mji hakuna kabisa, hakuna mat ya kwenda Barentsburg, ule mji wa Warusi, unaenda na boti ama pikipiki ya theluji. Sasa mtu asiyelipia safari za kiongozi anajivinjari wapi? Atazunguka ile barabara moja ya maduka, aingie supamaketi, aone jumba la makumbusho, arudi hoteli. Siku tatu! Kwa 389!

Na hizo safari sio za thao mbili. Hata safari fupi ya kuvutwa na mbwa inapita kroni 1,000, na boti ama pikipiki ya theluji ya kutwa ni kroni 2,000 kwenda juu. Kroni moja ni kama shilingi 13, pigeni wenyewe.

Alafu tarehe. Hii ndio ilinimaliza kabisa. Walituambia "ofa ya Novemba". Picha kwenye karatasi ni boti, barafu ya bluu, jua linawaka, sili wa meno marefu wamelala. Wasee, Novemba huko HAKUNA JUA. Sio mawingu, sio baridi ya Julai ya Limuru, naongea jua halichomozi. Linazama mwisho wa Oktoba halitoki tena mpaka katikati ya Februari, na mjini wenyewe kwa sababu ya milima halifiki mpaka Machi, kuna ngazi za hospitali ya zamani ambapo wenyeji hukusanyika tarehe 8 Machi kulisubiri, wanafanya sherehe kabisa. Hizo boti za kwenye picha ni mambo ya kiangazi. Pikipiki za theluji ni Machi na Aprili ndio zenyewe, Novemba mara nyingi theluji bado haijatosha. So Novemba ni katikati ya misimu miwili, ndio maana vyumba ni rahisi, na hakuna shida na hiyo, mimi giza ningelikubali vizuri sana kama ningeambiwa ni giza, maana kuna aurora, zile taa za rangi za angani, na huko kwa msimu huo unaweza iona hata saa sita mchana. Hiyo ni kitu ya kuuza! Waambie watu "njooni muone mchana wa usiku", watakuja. Lakini unaniuzia jua la Julai na tarehe ya Novemba?

Na yule dubu wa bango amepigwa picha karibu mpaka unaona pua. Sheria ya huko tangu 2025 ni mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni ni mita 500. Kumfuatafuata dubu ndio umwone ni kosa. Alafu ratiba imeandika "kuona dubu: ndio".

Imeandika pia "kutembelea hifadhi ya mbegu ya dunia". Hapo nilicheka kicheko ya uchungu. Hiyo hifadhi, ile ghala ya akiba ya mbegu za nchi mbalimbali, umma hauingii. Unasimama nje unapiga picha mlango. Mkenya ninayemjua aliyeingia ni Mama Wangari Maathai, Februari 2008, alialikwa kuifungua na waziri mkuu wa Norway wakati huo, Jens Stoltenberg, wakaweka sanduku la kwanza la mbegu. Sisi wa chama hatujaalikwa na mtu.

Chakula nayo wakasema "huko hakuna kodi kwa hivyo vitu ni bei ya chini kuliko Norway". Nusu ukweli tena, hawa watu wamesomea nusu ukweli. Ndio, ile VAT ya asilimia 25 ya Norway bara haiko Svalbard, so pombe na vitu kadhaa ziko nafuu. Lakini mboga hazimei pale, kila nyanya imekuja kwa meli ama kwa ndege, na unailipia hivyo. Sahani moja ya kawaida hotelini inaweza kula kroni 250, hiyo ni zaidi ya elfu tatu, na kwa pakeji tuko na chakula cha asubuhi pekee. Na mchekesho ni kwamba Norway ikipima kama una pesa ya kutosha kupewa visa, kiwango chao cha chini ni kroni 500 kwa siku. Huko Longyearbyen hiyo haikupi hata kitanda.

Jaketi sasa. Wametuandikia "kukodisha mavazi ya Aktiki 18,000 kila mtu". Gikomba! Mtu aende Gikomba asubuhi mapema, jaketi nzito za watu wa theluji zimejaa, viatu viko, sufu za ndani ziko, na zitabaki zako. Na kampuni za huko zikikupeleka na pikipiki ya theluji zinakupa suti, buti na helmeti, iko kwa bei. (Bebeni soksi nzuri lakini, huko hoteli nyingi unavua viatu mlangoni, ni desturi ilibaki tangu wachimba makaa, soksi yenye tundu itakuaibisha.)

Nikakaa chini nikapiga hesabu yangu, ya mtu mmoja, ya kwenda kwa akili. Ndege Nairobi Oslo kwenda na kurudi, kupitia Doha ama Addis ama Istanbul, nimeweka 115,000. Oslo Longyearbyen kroni 3,000, hiyo 39,000, na hapo ndani ya tiketi iko ile kroni 150 ya mazingira kila mgeni analipa. Visa na bima 22,000. Usiku nne kwenye zile nyumba za zamani za wachimba migodi kule Nybyen nimeweka kroni 5,000, ni 65,000. Chakula, ukijipikia jioni, 26,000. Safari mbili nzuri zenye kiongozi 65,000. Usiku mbili za Oslo, moja kwenda moja kurudi, maana ndege hazishikani, 31,000. Hiyo ni 363,000, ongeza arubaini ya dharura, maana hospitali ya pale ni ndogo na mambo mazito unabebwa na ndege mpaka Tromsø. Laki nne na kitu kidogo.

Mmeona hiyo? Safari nzima, yenye safari ndani yake, ni laki nne. Ya kwao ni 389 na ndani kuna ndege, kitanda na mkate wa asubuhi, ambavyo kwa hesabu yangu ni kama 219,000. Hiyo laki na sabini ingine ni ya nini? Ya kikatuni cha kidole gumba? Na juzi wakatuletea invoisi ya nyongeza: visa, bima, hoteli ya Oslo, "shughuli", jaketi, jumla 214,000 kila mtu. Tumefika laki sita na tatu wasee. Kwa giza.

Tukadai depositi. "Hairudishwi, tiketi zimeshakatwa." Nikasema sawa, nipe namba ya bukingi niangalie kwa tovuti ya shirika la ndege. Kimya. Nikauliza tena mbele ya mama wa saluni, na yule mama haogopi mtu, akapewa namba. Tukaiweka. Haipo. Hakuna tiketi, hakuna hata jina letu moja. So pesa iko wapi?

Kama kuna mtu hapa amewahi lipa hiyo ofisi, hata kwa safari ya Zanzibar, nitumie ujumbe. Na kama kuna mtu amefika Svalbard kwa pasipoti ya Kenya, niambie visa ya kuingia mara mbili uliiombaje na walikuuliza nini, maana sisi bado tunaenda, Machi mwaka ujao, bila hao.

NYONGEZA: Naona wengine mnasema nitaje jina. Bado. Wamenipigia saa hii baada ya mtu kuwatumia huu uzi, sasa naitwa "mheshimiwa", wanasema hawarudishi pesa lakini wanaweza tuhamishia pakeji ya Dubai. DUBAI. Nimewaambia depositi yote ya chama haifiki milioni moja, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi za mpaka milioni na inatakiwa imalize kwa siku 60, huhitaji hata wakili. Risiti za M-Pesa nimeshachapisha, karatasi ya "kuona dubu: ndio" iko juu yake. Wamepewa mpaka Ijumaa saa kumi.