Mama hainuki kwenye kigoda, mabega nayo hayana nguvu

Wakuu naombeni msaada, mama ana miaka 58, mwezi wa tatu sasa akikaa kwenye kigoda hainuki mpaka ajisukume kwa mikono kwenye mapaja, akichana nywele mkono unashuka wenyewe, maumivu hana ila nguvu ndo hakuna. Itakuwa nini?

— Pole mkuu. Anatumia dawa gani? Predinisoloni (dawa ya steroidi, wengine hupewa kwa pumu) ikitumika muda mrefu inakula misuli ya nyonga na mabega, hata za kushusha kolestro zinaweza. Ila predinisoloni asiache ghafla, hatari.

— Apimwe pia thairoidi, potasiamu, vitamini D na CK (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu misuli ikiumia), saa nyingine kinga ya mwili inashambulia misuli yenyewe. Akianza kupaliwa akimeza au kupumua kwa shida msisubiri, hospitali hapohapo.

— Asanteni jamani, predinisoloni za pumu anameza tangu mwaka jana! Kesho nabeba pakiti zote twende kwa daktari.