Mfuatano wa Zika na dengi unafanana nusu na kidogo tu, mbona maumbo ni yaleyale?

chipukizi_wa_protini:
Habari wakuu, nalinganisha protini E, ile inayovika kirusi kwa nje, ya Zika na ya dengi aina ya 2. Mifuatano ya asidi amino inalingana nusu na kidogo hivi, ila kwa macho naona vipande vitatu vilevile (I, II na III) na mikunjo ileile. Sasa nikizilaza moja juu ya nyingine RMSD, yaani wastani wa umbali kati ya atomi zinazolingana, inatoka kubwa mno! Faili za maumbo, kutoka hazina ya PDB, ni 5IRE ya Zika na 1OK8 ya dengi. Alafu nikajaribu na E1, protini ya nje ya kirusi cha chikungunya, mfuatano hauna undugu wowote lakini umbo linafanana sana tu. Nakosea wapi?

mkunjo3:
Mkuu tatizo lipo kwenye faili. 1OK8 ni E ikiwa imeshamaliza kazi ya kuunganisha utando wa kirusi na wa seli, hapo zinasimama tatutatu na kipande cha III kimehamia ubavuni mwa kile cha II. 5IRE ni kirusi kilichokomaa ambacho hakijaingia popote, E zake 180 zimelala mbilimbili, kwahiyo unalinganisha mtu aliyelala na aliyesimama. Chukua 1OAN, hiyo ni E ya dengi kabla ya kuunganisha, nayo imelala mbilimbili. Tena ukate mkia wa 5IRE unaozama kwenye utando maana 1OAN haina, na ulinganishe kipande kimojakimoja, kwasababu maungio ya I na II yananyumbuka na hiyo peke yake inapandisha RMSD hata kama mikunjo haijabadilika.

mbu_na_molekuli:
Ya chikungunya hujakosea kabisa. Familia ni nyingine, ila E1 yake na E ya akina dengi zote ni protini za kuunganisha utando za daraja la pili, yaani kundi moja kwa umbo, na umbo hudumu muda mrefu kuliko mfuatano. Kwa hao wa mbali tumia TM-score, alama ya 0 mpaka 1 ya kufanana kwa umbo, ikivuka 0.5 kwa kawaida mkunjo ni mmoja.

kingamwili_kwanza:
Naomba usiishie kwenye asilimia, angalia zinafanana WAPI. Ncha ya kipande cha II, asidi amino ya 98 mpaka 110, karibu haibadiliki kuanzia dengi, Zika, homa ya manjano mpaka West Nile, na sisteini 12 zinazoshikilia umbo zipo palepale. Kingamwili za mtu aliyeugua dengi zinaishika hiyo ncha hata kwenye Zika lakini mara nyingi hazikizuii kirusi vizuri, zinaweza hata kukisaidia kuingia kwenye seli zenye vipokezi vya kingamwili, na ndo maana watu wa chanjo wanaiogopa. Kipande cha III kinatofautiana zaidi. Sukari zilizoshikwa kwenye protini nazo zihesabu, Zika inabeba moja pale asidi amino ya 154, dengi inazo mbili, 67 na 153.

chipukizi_wa_protini:
Asanteni sana wakuu, nimerudia na 1OAN kipande kwa kipande na RMSD imeshuka vizuri. Sasa napaka rangi sehemu zinazotofautiana juu ya umbo, naanzia hapo 154, maana kwenye Zika ule mkunjo wa pembeni yake naona ni mrefu kuliko wa dengi.