MJADALA: Zebaki inatoka kwenye vyumba vya meno ifikapo 2034. Chama cha taaluma kina deni gani kwa tabibu wa wilayani?

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni tabibu wa meno, mwaka wa 14 kazini, hospitali ya wilaya, mbali na lami. Naomba madaktari, matabibu, mafundi wa maabara za meno na wagonjwa mchangie hoja hii, kwa sababu kila mwenye jino inamgusa.

Kwa ambaye hakufuatilia: Novemba 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha tunayozibia meno, ikome kutumika ifikapo 2034. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, kinachobaki ni fedha, bati na shaba. Mkataba ulipitishwa 2013 huko Kumamoto, Japani, ukaanza kufanya kazi Agosti 2017. Jina lake ni la mji ambao watu wake waliharibika mishipa ya fahamu kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mwaka 2022 uliongezewa sharti: daktari asitumie tena zebaki ya chupa, na nchi zikataze au zishauri amalgamu isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona hakuna budi.

Lengo lenyewe sina ugomvi nalo. Nilipoanza kazi niliirithi kabatini chupa ya zebaki ndogo kama ya wino, na ukiinyanyua unashtuka kwa uzito wake. Tulikuwa tukisaga kwa kinu na mchi wa kioo, tunakamua zebaki iliyozidi kwa kitambaa, mara nyingine dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la nje. Hakuna aliyetuambia mvuke wake unaingia mapafuni. Kwa hiyo iondoke, na iende salama.

Ninachotaka tujadili ni hiki: chama kinachopokea ada ya mtaalamu kinapaswa kumfuata alipo na kumfundisha kwa mikono kabla ya tarehe hiyo. Waraka na mwaliko wa kongamano havitoshi.

Nasema kwa mikono kwa sababu mbadala wa amalgamu haujifunzi kwa kusoma. Amalgamu inasamehe. Jino likiwa na mate kidogo bado inakaa, na ikikaa vizuri inapita miaka 10. Kompositi, ile dawa nyeupe ya plastiki, haisamehi: inataka jino kavu kabisa, inataka taa ya bluu ya kuigandisha, na taa inataka umeme. Kinachotufaa sisi wa vituo vya afya ni saruji ya glasi ayonoma, inayoganda yenyewe bila taa, nayo ina adabu zake. Unga kijiko kimoja, kimefutwa usawa. Tone moja la maji yake, chupa ikiwa imesimama wima. Ukiilaza, tone linatoka na hewa na kipimo kimeharibika. Unakoroga kwa sekunde chache tu. Kwenye joto la kwetu unashtukia umechelewa, na dalili ni moja: mng'ao ukishapotea, tupa, changanya upya. Ukishajaza tundu unapaka glavu mafuta ya mgando na kukandamiza kwa kidole, unakibingirisha kidogo, kisha unamwambia mgonjwa asile kwa saa nzima.

Mimi miaka miwili ya kwanza nilikuwa nalaza chupa. Wagonjwa wakirudi na jino wazi nilidhani dawa ni feki. Daktari mmoja aliyepita kwa ukaguzi alinitazama nikichanganya, akanishika kifundo cha mkono, akakisimamisha. Dakika moja. Ningeihudhuria mihadhara kumi nisingelipata hilo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya kuziba kwa mikono mitupu ilizaliwa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya meno vijijini wa shule ya meno iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuzibia meno bila mashine wala umeme: unakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, unajaza. Dunia inaiita ART, kifupi cha Kiingereza cha matibabu ya kuziba jino bila kuliumiza (wengi mnaposikia ART mnawaza dawa za VVU, hii ni nyingine). Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo kuna tabibu wa Tanzania anayezisikia herufi hizo kwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa chuo, hajawahi kuifanya kwa mgonjwa, na akifika kituoni anashika koleo. Kung'oa tu. Mtoto wa miaka 12 anapoteza gego la utu uzima ambalo lingeokolewa kwa dakika 20.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1 (daktari wa meno, kliniki binafsi, Dar es Salaam)

Naunga mkono nusu, napinga nusu. Ndugu yangu tabibu, chama ni cha hiari. Viongozi wake ni watu wenye kazi zao, vikao wanafanya usiku na mwisho wa wiki. Ukikibebesha mafunzo ya nchi nzima kitavunjika mgongo. Mwenye wajibu wa kumfundisha mtumishi ni mwajiri wake, na mwenye wajibu wa kumpima ni Baraza linalosimamia leseni zetu.

Kazi ya chama ni kukaa mezani. Mnasahau kwamba kwenye majadiliano ya kabla ya 2013 Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani lilisimama kidete likitaka amalgamu ipunguzwe taratibu badala ya kupigwa marufuku mara moja. Ndiyo maana mkataba ulipoanza haukuikata ghafla. Bila ile sauti ungeamka siku moja huna cha kuzibia. Hayo huyaoni ukiwa wilayani, lakini ndiyo chama.

Halafu tuseme ukweli: glasi ayonoma kwenye tundu la upande mmoja inakaa vizuri, ila tundu la pande mbili au tatu la gego inavunjika mapema. Mgonjwa atalipa mara mbili. Nani amemweleza?

MCHANGIAJI WA 2 (mama wa watoto watatu, Morogoro)

Mwanangu tabibu, umenitia hofu. Mimi nina meno manne ya hiyo dawa ya fedha tangu 1998. Niyang'oe? Na hiyo mpya bei yake ni ya nani? Sisi kuziba tunaahirisha hadi jino liume, na likiuma tunaambiwa limeshachelewa.

MCHANGIAJI WA 3 (mkazi wa Geita)

Huku vijana wanakamata dhahabu kwa zebaki mikono mitupu na kuichoma kwenye kikaango uani, watoto wamekaa pembeni. Mnahangaika na kijidonge cha jinoni. Anzeni na sisi.

MWANZISHA MADA

Nimesoma yote, asanteni.

Mama, shikamoo. Usiyang'oe. Meno yaliyozibwa na yakakaa sawasawa yaache yalivyo. Kuyachimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi kwa mara moja. Katazo linahusu mazibo mapya. Kuhusu bei, hapo umegusa kidonda. Glasi ayonoma iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi. Kuwa kwenye orodha ya Geneva hakuifikishi kwenye rafu yangu. Mtu lazima afuatilie iingie kwenye oda za vituo, ije na tarehe ndefu ya kuisha muda, na bima iilipie kwa kiwango kinachoeleweka. Niliwahi kununua chupa kwa fedha yangu, muuzaji akanipa iliyobakiza wiki tano. Mimi peke yangu siwezi kugomba na muuzaji wala kujadiliana na bima. Chama kinaweza, na hiyo ni kazi ya mezani kama anayoisema daktari.

Ndugu wa Geita, una haki kabisa. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote duniani, na mkataba huohuo unaugusa. Lakini zebaki iliyoagizwa kwa jina la meno, katika nchi mbalimbali, imekuwa ikivuja na kuishia machimboni. Tukifunga chupa huku tunafunga mlango mmoja wa huko kwenu. Naamini hivyo kwa dhati, na sisemi unatosha.

Sasa dokta, shikamoo. Uliyosema kuhusu tundu la pande tatu ni kweli, na ndiyo sababu nataka mafunzo: tabibu ajue lipi aliwekee ayonoma na lipi alipe rufaa. Na kuhusu 2013 nakubali pia. Sauti ile mezani ilitununulia muda. Ninachouliza ni muda huo tumeufanyia nini, maana zaidi ya miaka 10 imepita, na iliyobaki haifiki 10.

Mwajiri ana wajibu, sikatai. Ila mwajiri wangu ni halmashauri yenye tabibu wa meno wawili. Hana wa kunifundisha. Ujuzi uko kwa wanachama wenzangu. Wala sidai hoteli. Vifaa vya ART ni kioo cha mdomoni, sondi, kijiko cha kukwangulia, kipatasi kidogo cha kupanulia tundu, karatasi za kuchanganyia. Vinaenea kwenye begi la mgongoni. Daktari mmoja akitoka mkoani kwa siku mbili, akakaa na matabibu sita, na siku hizo zikahesabiwa kwenye alama za mafunzo endelevu tunazohitaji kuhuisha leseni, naamini wengi wangejitolea. Ninyi wa mjini mna alama za kutafuta, sisi tuna wagonjwa wa kufanyia. Sijaona bado kinachozuia zaidi ya mtu kupanga ratiba.

Jumamosi ijayo tunajaribu kwa uwezo wetu. Matabibu wawili wa vituo vya jirani wanakuja kwangu. Nimekusanya meno 36 yaliyong'olewa, nimeyasafisha kwa dawa na kuyapandikiza kwenye plasta ili yakae kama taya. Tutakwangua, tutachanganya, tutakandamiza, kisha tutayapasua kuangalia wapi hewa imebaki. Tunachokosa ni mtu wa kusimama nyuma yetu na kutushika mkono pale tunapokosea. Dokta, basi la kwanza linatoka Dar saa 12 asubuhi. Ukiweza kuja, nitakupokea stendi.