Kundi la ukoo: Neema bado yuko jiweni

*Alhamisi*

Neema: Shikamooni wote. Naombeni msaada, ni ile fomu ya mkopo wa chuo. Cheti cha kuzaliwa kimekataa kupanda tangu asubuhi. Kinazunguka, kinafika nusu, kinaanza upya. Dirisha linafungwa kesho.

Shangazi Kabula (Kirumba, Mwanza): Marahaba mwanangu. Si mlisema mnara umewashwa? Mbuzi wa sherehe tulimchangia humu humu

Baba Mdogo: Umewashwa. Mimi naongea nikiwa kitandani. Zamani mpaka nipande jiwe la fisi.

Neema: Kuongea sawa, baba mdogo, lakini mtandao unasoma E. Niko juu ya jiwe hilo hilo sasa hivi 😩 Simu nimeiweka kwenye kikombe cha plastiki kama alivyokuwa anafanya babu, naielekeza ng'ambo ya ziwa. Mnara wetu nimeupa mgongo.

Shangazi Kabula: 😂😂😂 mbuzi wangu jamani

Masalu (Buhongwa): Shikamoo shangazi, shikamoo baba mdogo. Ngoja nieleze, maana faiba, zile nyaya za kioo za intaneti, ndiyo inayonilisha. Mnara ni bomba la mwisho tu, swali ni tangi liko wapi. Tangi ni Mkongo wa Taifa, njia kuu ya faiba ya nchi. Ulianza kujengwa 2009, mikoani umefika, unaendelea kushuka wilayani. Sehemu nyingine unapita hewani na njia za umeme wa gridi, faiba iko ndani ya ule waya wa juu kabisa. Kisiwani kwetu haujafika. Mnara wetu una dishi linalorushiana na dishi la ng'ambo, basi. Kijiji kizima kinapita njia hiyo moja. Halafu njia yenyewe iko juu ya maji. Ziwa likitulia linakuwa kioo, mawimbi ya redio ya dishi yanagonga maji, yanaruka juu, yanakutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, yanaharibiana.

Baba Mdogo: Ndiyo maana jioni hata kutuma hela kunagoma?

Masalu: Inachangia. Na jioni kila mtu yuko kwenye simu, Simba na Yanga wakicheza ndiyo kabisa. Ila hiyo E ni jambo jingine, inaonyesha mnara umefungwa mitambo ya 2G tu, ule mtandao wa zamani wa polepole. Hapo hata dishi liwe zuri vipi, cheti cha Neema kitatambaa.

Shangazi Kabula: Hela ya kuujenga alitoa nani?

Masalu: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ni wa serikali. Kampuni za simu haziji zenyewe kisiwani, wateja wachache, mafuta ya jenereta ghali. Kwa hiyo Mfuko unatangaza zabuni, kampuni inaomba ruzuku, inajenga, inaendesha. Mei 2023 walisaini mikataba ya minara 758 kwenye kata 713, ruzuku kama bilioni 126. Na minara ya zamani 304 ya kutolewa kwenye 2G.

Shangazi Kabula: Na huo Mfuko unapata wapi?

Masalu: Kampuni zenyewe zinachangia kutoka kwenye mapato yao.

Shangazi Kabula: Yaani vocha zangu.

Masalu: Vocha zako shangazi 😂

Shangazi Kabula: Basi pale nina nondo yangu. Na mbuzi juu.

Rehema (Australia): Shikamooni, huku ni usiku. Masalu kaka, hata huku ni kizungumkuti. 2009 serikali iliunda kampuni yake, baadaye ikaahidi faiba kwa asilimia 93 ya nyumba na ofisi. 2013 ikaingia serikali nyingine, ikasema ni ghali mno, maeneo mengi yatumie nyaya za shaba za simu za zamani. Sasa wanarudi mitaa ile ile kuweka faiba. Mtaa mmoja umelipiwa mara mbili. Shamba kabisa ni setilaiti.

Baba Mdogo: Rehema mwanangu, huko mnagombea waya gani. Sisi mwaka jana mtumbwi wa Bahati uliishiwa mafuta katikati ya ziwa, giza linaingia. Akapiga simu, tukamfuata. Kwa hiyo hiyo 2G mnayoicheka. Na shangazi yenu ananiambia bei ya dagaa kabla sijapakia. Zamani nafika Kirumba na magunia nakuta bei imelala, narudi na nauli ya kukopa.

Masalu: Sipingi baba mdogo. Ninachodai ni kwamba hela ya umma ikilipia mnara, mkataba uandike na spidi, na nani anakuja mtandao ukifa. Leo ukiuliza, wa mnara wanasema tatizo liko ng'ambo, wa ng'ambo wanasema umeme.

Baba Mdogo: Hilo kweli. Nimepiga mara tatu, nimeambiwa nizime simu niwashe.

Shangazi Kabula: Mara tatu! Na ukazima?

Baba Mdogo: Nilizima 😅

*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Kabula: Neema panda mtumbwi uje kwangu, steshenari ziko hapa nje ya mwalo

Baba Mdogo: Leo hakuna mtumbwi unaotoka, upepo umechafuka. Haendi mtu.

Masalu: Neema, hicho cheti ulikipiga picha? Kina MB ngapi?

Neema: 4.6 kaka

Masalu: Ndiyo hapo. Kipige picha ya skrini, kisha kata pembeni, kitashuka chini ya MB moja. Acha kuhangaika sasa hivi. Jaribu saa tisa usiku, njia ikiwa tupu.

Baba Mdogo: Usiku asiende jiweni peke yake. Nitamsindikiza na tochi.

*Ijumaa, saa 9:40 usiku*

Neema: IMEPITA 🙏🙏 Imenipa na namba ya malipo. Betri asilimia 6. Baba mdogo amesinzia, ameegemea jiwe.

*Saa 12:15 asubuhi*

Baba Mdogo: Sikusinzia. Kabula, dagaa wameamkaje huko?