Kengele za watoto wanaokojoa kitandani: maelezo ya watengenezaji niyaamini vipi?

Mama wa Mkomani, Lamu
Assalam aleikum. Kijana wangu ana miaka 8 na bado anakojoa usiku. Hatumpigi wala hatumcheki, lakini ameanza kukataa kwenda kulala kwa nyanya yake Shela, na Maulidi yakikaribia, nyumba ikijaa wageni, roho yake huwa juu juu. Nataka kumnunulia ile kengele inayolia chupi ikilowa. Nimesoma maelezo ya kampuni kadhaa na yote ni matamu: huyu anasema inafaulu kwa asilimia 95, yule anasema mtoto atakauka "haraka". Nitajuaje nani anasema la kweli? Kutoka huku kisiwani, kurudisha mzigo si jambo dogo.

Fundi redio, Malindi
Waaleikum salaam dadangu. Binti yangu alitumia kengele hizi, kwa hiyo nayasoma maelezo yao kama fundi na kama baba.

Kifaa chenyewe hakina mambo mengi. Ni vipande viwili vinavyopitisha umeme, havigusani. Mkojo una chumvi. Ukifika hapo umeme unapita na kengele inalia. Sasa, jasho nalo lina chumvi. Kaskazi ikiwa kali na stima imepotea, mtoto hutoka jasho hadi mto unalowa. Anayekuandikia wazi kwamba kifaa chake kinaweza kulia kwa jasho, na akakuonyesha mahali pa kukibana ili kisilie ovyo, namwamini kuliko anayeandika "teknolojia ya kisasa" akaishia hapo.

Tazama betri. AAA utazipata duka lolote Langoni. Wengine hawataji aina kabisa. Na ukiona "haina waya", jua kile kidude cha kwenye chupi nacho kina betri yake: je, inabadilishwa, au ikiisha unanunua kingine? Uliza pia kinaoshwaje, maana mkojo unakula chuma.

Kubwa kuliko yote ni hili: nani ataamka? Watoto wengi wiki za mwanzo hawaisikii kengele hata ikilia sikioni. Mzazi ndiye wa kuinuka, amwamshe kabisa, ampeleke chooni. Maelezo yasiyotaja hilo yamekuficha kazi yenyewe, na wazazi wengi huiacha kengele hapo hapo wakidhani ni mbovu.

Muuguzi wa watoto
Naunga mkono. Kuhusu hiyo asilimia 95, muulize muuzaji: kufaulu maana yake nini? Kipimo tunachotumia sana ni usiku 14 mfululizo bila kulowa. Mwingine anahesabu hata mtoto aliyepunguza tu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kama thuluthi mbili ya watoto hukauka wakiwa wanaitumia, na baadhi hurudia baada ya kuiacha. Na si haraka. Tegemea miezi miwili, mitatu.

Kabla hujanunua, mama, mpeleke kliniki ikiwa anapata choo kigumu, analowa mchana pia, ana kiu isiyo ya kawaida, au alikuwa amekauka miezi 6 na zaidi kisha akaanza tena.

Mama wa Mkomani, Lamu
Shukran sana nyote. Hajawahi kukauka, na mchana hana shida, lakini choo kigumu anacho, kwa hiyo kliniki kwanza. Kuna kampuni moja inayouza mkeka wa kutandika chini ya shuka, na maelezo yake ndiyo yaliyonyooka kuliko yote: betri imetajwa, jasho limetajwa, hata kuamka kwa mzazi. Ila analala na nduguze wawili kitanda kimoja.

Fundi redio, Malindi
Basi mkeka hautakufaa, hata ukielezwa vizuri namna gani. Hautajua ni nani aliyelowesha, na mdogo akigeuka na jasho lake utalia. Waandikie hao hao, waulize kama wanatengeneza ya kubana kwenye chupi. Na waulize kama kihisi, yaani kile kidude cha kwenye chupi, kinauzwa peke yake kama cha akiba.